Je, Baada ya Tiba ya Kansere Tusafishe Damu?

  



Ijumaa moja, baada ya swala, mzee alituletea chupa yenye maji ya kahawia. Mke wake alikuwa amerudi kutoka Kampala, alikotibiwa saratani ya titi, ile tunayoiita kansere. Alipasuliwa, kisha akapewa dawa za serumu, yaani shimio, mara sita. Serumu zikaisha, akarudi nyumbani na kidonge cha kumeza kila siku. Lakini mama bado anachoka, vidole vinamfa ganzi, chakula hakina ladha. Mtu mmoja akamwambia kwamba sumu ya shimio imebaki ndani ya damu, na isipotolewa kansere itarudi. Aache kidonge, anywe chupa tatu, apigwe lavema na hijama. Bei ni dola 120. Mzee akauliza: niuze mbuzi?

Usimcheke, ndugu msomaji. Ukiwa umemuona mkeo akikonda vile, nawe ungeuliza.

Kwanza ujue kwamba dini yetu haikatazi dawa. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute tiba, aliwaamuru watafute. Asali imetajwa katika Surat an-Nahl, na hijama ni sunna inayojulikana. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alifundisha, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba mwenye kuwatibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, atabeba dhamana ya madhara. Hadithi hii wauza chupa hawaisomi sana.

Sasa tuitazame hiyo sumu. Ni kweli dawa za shimio ni kali. Lakini Allah ameweka ndani ya mwili wako wasafishaji wawili, ini na figo. Dawa nyingi za shimio huvunjwa na ini, zikatoka kwa mkojo na choo katika saa au siku chache. Ndiyo maana wauguzi huwaonya watu wa nyumbani wajihadhari na mkojo na matapishi ya mgonjwa kwa siku mbili tatu baada ya serumu, si mwaka mzima. Ganzi ya vidole inatokana na mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, au mwili unaojijenga upya, nao huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Ni majeraha ya vita iliyokwisha, na jeraha halioshwi kwa kunywa majani. Apelekwe akapimwe damu.

Na majani yenyewe yanapita wapi? Kwenye ini lile lile na figo zile zile zilizokwisha choka. Mjini Bruxelles, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa kwa mwingine wa jamii ya Aristolochia. Watu zaidi ya 100 waliharibika figo. Mwaka 2000 madaktari waliandika kwamba kati ya wagonjwa 39 waliotolewa figo na mirija ya mkojo, 18 walikutwa na kansere humo. Ulikuwa mmea wa asili, na uliuzwa katika mji wenye maabara. Sisi chupa yetu haina hata jina.

Lavema hapa kwetu tunaipiga hata kwa watoto wachanga, basi hatuiogopi. Lakini Marekani, mwaka 1980, madaktari walieleza vifo vya watu wawili waliozidisha lavema za kahawa hadi chumvi za damu zikavurugika. Kwa mtu ambaye kinga yake bado iko chini, mkwaruzo mdogo wa utumbo ni mlango wa maradhi. Na hijama? Mama huyu alitolewa tezi za kwapani. Chale kwenye mkono wa upande ule zinaweza kuleta maambukizo na uvimbe usiopona. Tena wembe huo umetoka kwa nani?

Lililotutisha zaidi ni kile kidonge. Wanawake wengi wenye kansere ya titi hupewa tamoxifen kwa miaka 5 au zaidi, kuizuia isirudi. Hiyo ni tiba inayoendelea. Anayemwambia aiache, huku akimuahidi kwamba kansere haitarudi, anamfungulia mlango ule ule anaodai kuufunga. Na Allah ametukataza, katika Surat al-Baqara aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo.

Asali kijiko kimoja katika chai, uji, matunda yaliyooshwa, kutembea kidogo asubuhi, haya hayana ubaya kwa wengi, isipokuwa mwenye kisukari na asali yake. Hata habbat sauda mwambie daktari kabla ya kuanza. Usimfiche kwa kuogopa kugombezwa.

Mzee tulimwambia mbuzi asiuzwe kwa ajili ya chupa. Akiuzwa, iwe ni nauli ya kumrudisha mama Kampala siku ya kipimo, na ile chupa aende nayo aionyeshe. Kidonge aendelee nacho usiku huo huo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, uwape subira wanaowauguza. Amin. Wabillahi tawfiq.