Mrithi wa Duka na Ajifunze Mapema

Wako vijana huku Temeke na Kinondoni wangojao duka la baba kama wangojao embe lianguke. Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975, babaye alikuwa mfanya biashara. Walakini alisoma mambo ya biashara na fedha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani (na theolojia kidogo, neno lililonifurahisha), akahitimu 1998, ndipo akashika kazi katika MeTL ya baba yake.

Mwenye duka moja hahitaji kumpeleka mwana mbali hivyo. Kwanza na ajue kutenga fedha za duka na za nyumbani, tena aandike kila deni. Maana duka la mtu mmoja, lisiloandikishwa kuwa kampuni, mwenyewe afapo huingia katika mirathi, nao warithi wote hudai sehemu zao. Pasipo daftari, mjane atawajibu nini wanaodai?