MATUMIZI SAHIHI YA NYUTRO NA USALAMA WA PIKIPIKI INAPOSIMAMA

Somo kwa watumishi wa umma na wakazi

Safari ya pikipiki kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, ni ya takriban kilomita 66. Umbali huo si mkubwa, lakini sehemu kubwa ya safari ni mteremko. Sehemu za nyanda za juu za Umatengo zinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko kwenye mita 500 hivi. Mtumishi anayetoka Unguja au Pemba, ambako miteremko ni mifupi, akifika huko hukutana na milima asiyoizoea.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya udongo, na mashimo yalimlazimu kila dereva kwenda polepole. Sasa ni ya lami na mwendo umeongezeka. Wakazi wa Mbinga, na wa Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, huitegemea pikipiki kuwafikisha wagonjwa zahanati, kubeba kahawa na kupandisha samaki kutoka ziwani. Kwa hiyo kosa dogo la gia laweza kugharimu maisha.

Maana ya nyutro

Pikipiki ikiwa katika nyutro, injini huzunguka bila nguvu yake kufika kwenye gurudumu la nyuma. Kanuni ya kukumbukwa ni moja: nyutro ni ya pikipiki iliyosimama au inayomalizia kusimama. Si ya pikipiki iliyo safarini.

Namna ya kuingiza nyutro

Katika pikipiki nyingi gia ya kwanza iko chini, na nyutro iko kati yake na gia ya pili. Katika nyingine nyutro iko mwanzoni kabisa na gia zote hukanyagwa kwa mbele. Anayeazima pikipiki au kukabidhiwa ya ofisi aulize mpangilio wa gia kabla ya kuondoka. Kwa pikipiki za aina ya kwanza, utaratibu ni huu:

(a) Dereva apunguze mwendo kwa breki zote mbili na kupangua gia moja baada ya nyingine hadi ya pili.

(b) Gurudumu likikaribia kusimama, ashike klachi yote na kugusa kanyagio la gia kwa wepesi, nusu ya mkanyago wa kawaida.

(c) Atazame taa ya kijani. Kwa kuwa taa huweza kuharibika, aachie klachi taratibu huku ameshika breki. Pikipiki isipovuta, nyutro imeingia.

(d) Nyutro ikikataa baada ya kusimama, asipige kanyagio kwa nguvu. Aisogeze pikipiki kidogo mbele au nyuma, kisha ajaribu tena. Ikikataa kila mara, waya wa klachi huenda umelegea na unahitaji kurekebishwa.

Kusimama njiani

Dereva anayesimama huku injini ikiwa kwenye gia ameshikilia usalama wake kwa vidole. Mkono ukiteleza au waya wa klachi ukikatika, pikipiki huruka mbele na kuwagonga wavukao. Hata hivyo, aliyewahi kuweka nyutro hawezi kuondoka upesi iwapo lori linalomfuata halikusimama. Inashauriwa abaki katika gia ya kwanza, klachi ikiwa imeshikwa na breki imekanyagwa, akitazama kioo cha pembeni. Chombo cha nyuma kikishasimama, ndipo aweke nyutro.

Wakati wa kushusha abiria, dereva atoke kabisa barabarani upande wa kushoto, aweke nyutro na kushika breki. Abiria ashuke kwa kushoto, mbali na magari. Bomba la moshi nalo, ambalo kwa kawaida liko kulia, halitamuunguza.

Mteremkoni

Wapo wanaoteremka kuelekea ziwani katika nyutro kwa nia ya kuokoa petroli. Tabia hiyo ni ya hatari. Gia ndogo huifanya injini izuie mwendo. Katika nyutro mzigo wote huangukia breki, nazo zikipata moto kwa muda mrefu hupungua nguvu. Dereva mwenye abiria au gunia la kahawa nyuma hugundua hayo akiwa tayari kwenye kona. Anapaswa kuingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, na kubaki humo hadi chini.

Kuegesha

Nyutro haiizuii pikipiki isiondoke. Kwenye mwinuko iegeshwe ikitazama juu, injini ikiwa imezimwa na gia ya kwanza imeingizwa. Kwenye mchanga wa ufuoni, kipande cha ubao au jiwe bapa liwekwe chini ya stendi ili isizame na kuiangusha juu ya watoto wachezao karibu.

Kila mkuu wa kitengo chenye pikipiki anakumbushwa kuhakikisha kwamba anayekabidhiwa chombo ana leseni na kofia ngumu, na kwamba amefanyiwa jaribio fupi la kuteremka na kusimama. Jaribio la dakika kumi uwanjani ni nafuu kuliko msiba.