SOMO LA MANENO: LOWEKA

Nguo zikinyeshewa na mvua, zinalowa. Ukimwagia udongo maji, unaulowesha. Tonge ukilitia kwenye mchuzi na kulitoa papo hapo, umelichovya. Lakini kuloweka (wengine husema kuroweka, ni neno lile lile) ni kutia kitu majini na kukiacha kikae.

Ndugu msomaji wa Buganguzi, huko kukaa ndiko kunakofanya kazi. Muhogo mchungu una sumu. Umenye, uloweke siku 3 au 4 mpaka ulainike, ndipo uuanike juani. Mwaka 1985, wilayani Tarime, kulikuwa na ukame. Watu walikula muhogo ambao haukutayarishwa vya kutosha. Baadhi yao walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo, nao hauponi.

Zoezi: Jirani alitia muhogo mchungu majini Jumatatu jioni, akautoa Jumanne asubuhi. Je, ameuloweka, au ameulowesha tu?