Mita ya Njia Tatu Inavyokokotoa Umeme Wako

Mashine ya kukoboa mpunga Kahama na karasha la mawe ya dhahabu Geita huendeshwa kwa umeme wa njia tatu. Mita hupima kila njia peke yake: volti mara ampea mara uwiano wa nguvu, yaani sehemu ya umeme inayofanya kazi, kisha hujumlisha. Kwa mfano, 230 × 20 × 0.8 ni wati 3,680. Njia zote zikilingana, jumla ni wati 11,040, sawa na uniti 11.04 kwa saa.

Kipimo cha njia moja kikikosekana, mita husajili theluthi mbili tu ya matumizi hayo, na tofauti yaweza kudaiwa baadaye. Uonapo njia moja ikisoma sifuri, usivunje lakiri. Toa taarifa TANESCO mapema. Usiporidhika na majibu, wasilisha malalamiko EWURA.