ELIMU YA AFYA: Saratani Isiyopona, Moyo Nao Unahitaji Tiba



Saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai vya mwanamke, huanza kimyakimya. Tumbo kujaa, kushiba upesi na haja ndogo ya mara kwa mara hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo au UTI. Ndiyo maana wanawake wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, nao huambiwa neno zito: hautapona.

Hata hivyo, kutopona si kukosa tiba. Dawa huweza kuutuliza ugonjwa kwa miezi, pengine miaka. Ukirejea, huweza kutibiwa tena. Mgonjwa basi huishi kati ya kliniki na kliniki, akisubiri majibu. Hofu, hasira na kukosa usingizi katika kipindi hicho si upungufu wa imani.

Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Aliyetulizwa mwili pekee bado anaumwa. Huo ndio msingi wa tiba shufaa.

Kwa mgonjwa. Mchague mtu mmoja unayeweza kumweleza yote bila kumwonea haya. Andika maswali yako kabla ya kliniki, na siku ya majibu usiende peke yako. Maumivu usiyavumilie kimya: mweleze daktari, kwa kuwa zipo dawa za kuyatuliza, ikiwamo morfini.

Kwa familia. Msimfiche. Mama huyaona macho mekundu ya wanawe, na huyasikia mazungumzo yanayokatika aingiapo. Akifichwa, naye huificha hofu yake asije akawaumiza. Hatimaye nyumba nzima hulia, kila mtu chumbani kwake. Muulizeni angependa kujua kiasi gani, kisha mheshimu jibu lake. Akitaka kuzungumzia shamba, ada za watoto au wosia, msikilizeni. Kupanga mambo si kujiitia kifo.

Kwa majirani. Kauli ya "utapona tu" humfunga mdomo. Muulize, "Leo umeamkaje?" kisha usubiri jibu. Ndoo ya maji iliyotekwa, au saa moja ya kukaa naye, humfaa kuliko maneno mengi.

Iwapo huzuni itaendelea kwa wiki mbili, au mgonjwa akakata tamaa ya kila jambo, mfikisheni zahanati au kituo cha afya. Akitamka kuwa anataka kujidhuru, msisubiri hata siku moja, wala msimwache peke yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na Afisa Ustawi wa Jamii wapo kwa ajili ya familia pia, kwani anayeuguza naye huchoka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ugonjwa huu usiachwe mikononi mwa mtu mmoja.

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano, Halmashauri ya Wilaya