Khabari ya Dawa na Mpokezi Wake

Sisi Waislamu hatukubali hadithi mpaka tujue imepokewa na nani, na mpokezi huyo ni mtu wa namna gani. Lakini khabari ya dawa ikitufikia katika simu twaiamini papo hapo, na twampelekea jirani kabla hatujamaliza kuisoma.

Natuyatazame yaliyowapata ndugu zetu Wasomali wa Minnesota, huko Marekani. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto 12, akawatia watu shaka kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda ikaleta usonji. Baadaye ilibainika kuwa alilipwa na wakili aliyekuwa akitayarisha mashtaka juu ya chanjo hiyo, wala hakulieleza jarida. Mwaka 2010 makala ilifutwa, naye akatolewa katika daftari la madaktari. Uchunguzi wa watoto maelfu kwa maelfu haukuona uhusiano wowote. Lakini kilichofutwa jaridani hakikufutika katika intaneti.

Wasomali wa Minneapolis walikuwa na suali la haki: mbona watoto wetu wana usonji? Hawakupata wa kuwajibu upesi. Basi wapinzani wa chanjo wakaingia penye pengo hilo, kwa mikutano na kwa intaneti, na Wakefield mwenyewe akaenda kuzungumza nao. Mwaka 2004, katika kila watoto wao 100 wa miaka miwili, 92 walikuwa wamechanjwa. Kufika mwaka 2014 ni 42 tu. Mwaka 2017 surua ikaingia, ikashika watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa.

Hatuwalaumu mama zao. Dalili za usonji huanza kuonekana katika umri ule ule wa chanjo, na macho huunganisha mawili hayo kwa wepesi. Na daktari anayechukia kuulizwa naye hasalimiki na lawama! Waliosaidia ni maimamu na wauguzi wa Kisomali, waliokaa na wazazi wakawajibu kwa lugha yao.

Basi asomaye katika simu kwamba aache dawa yake ya sukari, na aulize kwanza: mwandishi ni nani, auza nini, na nani mwingine amelihakikisha? Kisha alipeleke kwa daktari kama suali, hali angali akinywa dawa yake. Huko Minnesota surua ilirudi tena mwaka 2024.