Mafuta na Maji ya Gari la Chama: Kinachopungua Kimekwenda Wapi?

Gari la chama ni mali ya kila mwanachama. Likisimama katikati ya msimu, mazao hulala ghalani, chama hulazimika kukodi gari la mfanyabiashara, na gharama hiyo humrudia mkulima yule yule katika malipo yake. Mara nyingi injini haifi kwa uzee, bali kwa lita chache za oili au maji ambazo hazikuangaliwa kwa wakati wake. Kwa hiyo somo hili linawahusu makatibu na wajumbe wa halmashauri kama linavyomhusu dereva.

Kila katibu anafahamu kwamba fedha ikipungua sandukuni bila hati, haitoshi kujazia pengo. Ni lazima kuuliza imekwenda wapi. Kanuni ya gari ni hiyo hiyo.

1. Oili ya injini

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, hupunguza joto na huchukua uchafu. Ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena na kukisoma. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, injini isiwashwe. Ikizidi alama ya juu ni hatari pia, kwa maana hupigwapigwa ndani ya injini hata ikafanya povu, na povu halilainishi chuma.

Rangi nayo hutoa habari. Oili ya injini ya dizeli kuwa nyeusi si ajabu, kwa kuwa imebeba masizi. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na gari lisitoke mpaka fundi aliangalie. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua pamoja na dizeli.

2. Maji ya rejeta

Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta hubana mvuke, na mgandamizo huo huyafanya maji yastahimili joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Hivyo gari lililopoteza kifuniko chake na kuzibwa kwa tambara litachemsha upesi, hasa likipanda mlima na mzigo.

Tumia maji safi yasiyo na chumvi, yaliyochanganywa na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Dawa hiyo ina ladha tamu, nayo ni sumu. Iwekwe mbali na watoto na mifugo. Kamwe usifungue rejeta ikiwa ya moto, wala usimimine maji baridi katika injini iliyochemka, kwani chuma chaweza kupasuka.

3. Mafuta ya breki

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakiisha kuunyonya, huchemka upesi breki zinapopata moto mteremkoni. Hapo huingia mapovu, na pedali huzama bila gari kushikwa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205. Ikiisha kunyonya unyevu yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Ndiyo sababu hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Usijazie oili ya injini mahali pake, maana huharibu mipira ya breki. Yakipungua polepole, huenda vitambaa vya breki vimelika; yakipungua ghafla, yanavuja, na gari lisiondoke.

Lori lenye breki za upepo lina jambo lake: maji yanayokusanyika katika matangi ya hewa yamwagwe kila siku.

4. Betri, giaboksi na difu

Betri yenye vifuniko vya kufungulia huongezwa maji ya betri yaliyosafishwa, si maji ya bomba wala asidi. Usiikaribie kwa moto au sigara, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Oili ya giaboksi na ya difu hupimwa na fundi katika kila matengenezo.

5. Daftari la gari

Halmashauri iagize kuwepo daftari lenye safu hizi: tarehe, kilomita, kilichopimwa, kilichoongezwa, na sahihi ya dereva. Katibu alisome kila Jumamosi. Lita moja iliyoongezwa mara moja si kitu. Lita moja kila wiki ni ushahidi wa kuvuja, wa kuungua au wa wizi. Dereva asilaumiwe kwa kuandika ukweli, la sivyo ataacha kuandika.

Oili chakavu isimwagwe ardhini karibu na kisima. Ihifadhiwe katika pipa mpaka ipatikane njia salama ya kuiondoa.

Maswali ya majadiliano

(a) Nani katika chama chenu anajua ni lini mafuta ya breki yalibadilishwa mara ya mwisho?
(b) Daftari likionyesha maji yanaongezwa kila siku, halmashauri ichukue hatua gani?
(c) Linganisheni bei ya oili na filta yake na gharama ya kukodi gari kwa msimu mmoja.